Flopi ya Baba Fauz (gumzo la ukoo wa Mkomani, Lamu)

Fauz: Asalaam aleikum watu wa nyumbani. Ami Swaleh ile mashine ya kusomea flopi, zile diski za zamani, ulotuma imefika, nimeichukua Mokowe mchana. Nimetia ile flopi ya baba ya gemu, ya kwenye kasha, ikanguruma alaf kompyuta ikaniuliza diski haijafomatiwa, nataka kuifomati? Nibonyeze ndio?

Ami Swaleh: USIBONYEZE

Ami Swaleh: Sema la. Ukisema ndio inafuta kila kitu. Itoe kwanza

Mama Fauz: Fauz umemsikia ami yako?

Fauz: Nshaitoa

Ami Swaleh: Wa aleikum salaam. Moyo umenishtuka wallahi. Haya skiza, igeuze, kwa kona kuna kijiplastiki chasukumwa, kisukume mpaka tundu liwe wazi uone mwanga upande wa pili, hapo kompyuta itasoma lakini haiwezi kuandika wala kufuta. Alaf kile kibati kivute pole pole utazame utando mweusi wa ndani, usiuguse kwa kidole. Una madoa?

Fauz: Kimoja tu pembeni, cheupe kama unga umemwagika

Ami Swaleh: Ukungu huo. Kasha zuri kwa nguo lakini unyevu wa bahari huwachi kitu. Chukua pamba ya masikio na spiriti ya duka la dawa, kile kitovu cha chuma cha nyuma kizungushe mpaka doa lije hapo penye uwazi, upanguse kidogo kidogo, uwache ukauke kabisa kabla hujairudisha

Shangazi Zulekha: Spiriti ninayo huku Shela, nimpe mtu wa mashua?

Mama Fauz: Ipo hapa wifi yangu, shukran

*Saa 11:20 jioni*

Fauz: IMESOMA. Mara tatu ilikataa, ya nne ikafunguka. Nimeyakopi mafaili yote kwa folda nimeiita gemu. Lakini nikibonyeza PRINCE, Windows yasema programu hii haiwezi kufanya kazi kwa kompyuta yako. Leptop ni ya mwaka jana Ami, gemu la flopi moja laishindaje?

Ami Swaleh: Si kwamba haina nguvu. Hilo Prince of Persia lilitoka kwa MS-DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, mwaka 1990, ni programu ya biti 16, aina ya kompyuta za siku zile, na Windows ya biti 64 haina tena kile kipande cha kuendesha biti 16, kilitolewa. Kwahio unatia DOSBox, ni ya bure, inatengeneza kompyuta ya zamani ndani ya hio yako, gemu likiamka linakuta DOS yake na kadi yake ya sauti linaona liko nyumbani. Ukishaifungua andika hivi, mstari mmoja mmoja ukibonyeza enter:

mount c c:\gemu
c:
prince

Fauz: Limefunguka!!! Muziki unalia! Lakini dirisha dogo na kijana anakwama kwama akikimbia

Ami Swaleh: Alt na Enter skrini ijae. Ctrl na F12 kuongeza kasi, F11 kupunguza, ongeza kidogo kidogo

Fauz: F12 haifanyi kitu

Ami Swaleh: Leptop nyingi lazima ushike na Fn pia. Vidole vitatu

Fauz: Eeh ndio! Saa hii anakimbia mpaka nguo yapepea. Ami huyu akimbia kama mtu wa kweli

Ami Swaleh: Ni mtu wa kweli. Alolitunga aitwa Jordan Mechner, alimpiga video mdogo wake David akikimbia na kuruka, akakaa kunakili picha moja baada ya moja ndani ya kompyuta. Tulipokuwa tukicheza na babako hatukuyajua hayo, sisi tulikuwa tunaona tu huyu si katuni, huyu akiruka akakosa ukingo tumbo lako ndo laumia. Shika Shift ukitembea karibu na shimo, atapiga hatua ndogo hatadondoka. Na upanga utafute kwanza, usiende kwa yule askari mikono mitupu. Una dakika 60 kwa gemu zima, ukibonyeza spesi yakwambia zimebaki ngapi

Mama Fauz: Dakika 60 na ameanza saa kumi na moja, maghribi hio yaadhiniwa

Fauz: Nakuja mama

*Saa 1:45 usiku*

Fauz: Nimemaliza ngazi ya kwanza nimeingia chumba kina machupa, kila moja ina herufi juu yake. Laniambia ninywe yenye herufi ya kwanza ya neno fulani, mstari fulani, ukurasa fulani wa kitabu. Kitabu kipi? Nimebahatisha mbili zote sumu
[picha]

Ami Swaleh: Subhanallah nilikuwa nshasahau. Hio ndo kufuli yao ya zamani, mwenye nakala ya kuiba hana kitabu kwahio hapiti. Kitabu chetu kilikuja na flopi ndani ya boksi. Nani anacho?

Shangazi Zulekha: Ni kile kidogo chembamba? Athman babake Fauz alinipa nimuwekee siku alipohamisha vitu vyake. Kiko kidakani nyuma ya bakuli la kichina, kila nikipangusa vumbi nakiona na sijawahi kuuliza ni cha nini. Ngojeni

Shangazi Zulekha: [picha]

Shangazi Zulekha: Nimehesabu kwa kidole mara mbili, neno laanza na S

Fauz: Nimepita!! Shukran Shangazi Mungu akuweke

*Saa 3:05 usiku*

Fauz: Ami uko macho? Niliwacha gemu limefunguka bila kuanza nikaenda kuswali isha. Kurudi laonesha hadithi lenyewe, binti sultani na waziri, alaf ikaja orodha ya majina. Jina ni moja tu
[picha]

Ami Swaleh: Soma uniandikie, picha haifunguki

Fauz: ATHMAN 3:41

Ami Swaleh: Fauz

Ami Swaleh: Orodha hio haandikwi mtu mpaka amalize gemu. Hizo ni dakika zilobaki

Ami Swaleh: Ilikuwa Ramadhani, 1994. Nilimwacha kwa kompyuta nikalala, wakati wa daku akaniamsha asema Swaleh nimemaliza, nimemkomboa binti. Nikaenda kutazama, stima ikakatika kabla sijafika. Nikamwambia huo ni urongo. Miaka yote hio nikamwambia urongo, hata siku ya harusi yake, yeye acheka tu asema iko kwa flopi kaitazame. Na kompyuta ikafa, flopi ikaingia kashani, sikutazama

Mama Fauz: Mimi alinihadithia mara ngapi. Alikuwa akisema siku moja Swaleh ataniamini

Nasra: Bibi asema niandike haya, yuko hapa nami: Mwanangu Swaleh, Athmani hakuwa na urongo tangu mdogo. Usilie, mwombee.

Ami Swaleh: Allah amrehemu. Alinishinda kihalali

Shangazi Zulekha: Amin. Amin

Ami Swaleh: Fauz fanya hivi leo leo usingoje kesho. Kuna faili laitwa PRINCE.HOF, jina lake limo humo. Likopi kwa flashi, likopi kwa simu ya mamako, nitumie mimi kwa imeili. Yule Mechner naye diski zake za kazi zilipotea miaka, zikaja kuonekana 2012 babake alipozikuta kabatini, kwahio mtu asiamini kabati wala kasha

Fauz: Nshakopi pahali patatu. Nilitaka kuanza tena nijaribu kumaliza, lakini naogopa kuandikwa juu yake

Ami Swaleh: Orodha ina nafasi ya watu kadhaa, hutomfuta. Lakini ningoje. Nimempigia mtu wa basi, Ijumaa asubuhi natoka Mombasa. Kitabu Zulekha aje nacho

Shangazi Zulekha: Nshakitia mkobani