Kuzuru Echuca, bandari ya mtoni Australia

Mkazi wa Langoni: Ndugu zangu, binti yangu anayesoma Melbourne amenialika, je, kwa mtu aliyekulia kwenye majahazi hapa Lamu, bandari ya Echuca kwenye mto Murray inastahili safari?

Nahodha mstaafu: Inastahili, kaka. Gati lake la mwaka 1865 lilijengwa kwa mikaratusi ya mtoni, likiwa na sakafu kadhaa, moja juu ya nyingine, kwa kuwa maji hupanda na kushuka mno, na meli ya mvuke Adelaide, iliyoundwa mwaka 1866, ingali ipo. Tazama tanuri likilishwa kuni. Injini zetu za dizeli hazina haiba hiyo.

Mama wa Shela: Panda treni, kwani reli iliyofika mwaka 1864 ndiyo iliyosafirisha sufu iliyoletwa kwa meli za mtoni hadi Melbourne. Januari iepuke, shemeji, joto lake ni kavu.