Nyanya ziko kwenye maua, utitiri mwekundu umejaa chini ya majani, nifanyeje?

mche_wa_tatu
Wakuu habari zenu, naombeni msaada wa haraka maana hata usingizi sipati vizuri. Nina miche kama 120 ya nyanya, iko kwenye maua na vishada vya chini vishashika matunda saizi ya gololi. Wiki mbili zilizopita niliona majani ya chini yana vidoti vya njano kama mtu kayatoboa na sindano, nikasema hii ni njaa ya mbolea, nikaweka yurea. Wapi! Vikaongezeka, majani yakawa rangi ya shaba yakaanza kukauka. Nikasema basi ni wadudu, nikapiga dawa niliyokuwa nayo ndani ya kuua viwavi, mara mbili ndani ya wiki moja, na hapo ndo mambo yakaharibika kabisa. Jana nimegeuza jani nikakuta vitu vyekundu vidogo mno vinatembea, na kwenye ncha kuna utando kama wa buibui umefunga mpaka maua. Miche ya upande wa barabarani ndo imeumia zaidi. Haya maua sitaki kuyapoteza, na nyuki nao wanapita pale kila asubuhi. Ning'oe tu au kuna namna?

fundi_majani
Pole sana mkuu, using'oe kwanza. Huo ni utitiri mwekundu, na huyo sio mdudu kama kiwavi, ana miguu minane, ni jamii moja na buibui na kupe, ndo maana dawa nyingi za wadudu hazimfanyi kitu. Kuwa na uhakika, weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge mara tatu alafu tulia uangalie. Ukiona "vumbi" linatembea ndo wenyewe.

Sasa nenda kasome lebo ya ile dawa. Kama jina la kiambato linaishia na "thrin" basi umeshapata jibu kwa nini mambo yaliharibika. Dawa za kundi lile zinaua wale wanaomla utitiri, utitiri mwenyewe anabaki anazaliana bila adui. Na ile yurea nayo imechangia, jani lenye nitrojeni nyingi linakuwa laini na lina chakula kingi kwake, anataga zaidi. Mimi nilipitia njia hiyo hiyo kwenye bilinganya, nikapiga dawa ile ile mara nne nikidhani sijapiga vya kutosha, nikapoteza zote, kwa hiyo nakwambia kitu ninachokijua.

Ila fanya haraka maana joto likifika kama nyuzi 30 yai linakuwa utitiri mzima ndani ya wiki moja hivi, na jike mmoja anaweza kutaga mayai mia moja. Hao unaowaona leo ni wajukuu wa wale wa wiki mbili zilizopita.

bustani_ya_nyuma
Mkuu mimi nimewahi kuokoa nyanya zikiwa kwenye maua kwa maji na sabuni tu, lakini kazi ni ya mikono, uwe tayari.

Anza kukata majani yenye utando na yaliyokauka, yaingize kwenye mfuko pale pale kwenye mche na ufunge, usiyaburute kupita kwenye mistari mingine. Anzia miche mizima malizia iliyoumia, ukianza na wagonjwa unawabeba kwenye nguo na mikono unaenda kuwapandikiza kwingine. Asubuhi pitisha maji yenye nguvu kiasi CHINI ya majani ili jua likaushe mapema ukungu usije ukaingia. Jioni nyuki wakishaondoka na jua limepungua ndo upulize sabuni, ile laini ya maji isiyo na vikorombwezo, mililita 15 kwa lita moja ya maji. Sabuni ya unga ya kufulia usiguse, inachoma majani. Jaribu kwanza kwenye miche miwili usubiri siku moja, majani yakibaki salama endelea.

Kitu ambacho watu wengi wanakosea ni kichwa cha bomba. Kigeuze kiangalie juu, ingiza mkono chini kabisa ya mche upulize kupanda, mpaka uone jani linadondosha matone kutoka chini. Sabuni inaua kile ilichokigusa tu na ikikauka imeisha kazi. Mayai inayaacha, kwa hiyo rudia baada ya siku 4 au 5, mara tatu, hata kama ukiona wamepungua baada ya ile ya kwanza usiache. Maua usiyalenge, na nyanya inajichavusha yenyewe, ukitikisa kishada kidogo mchana inatosha.

shamba_kwanza
Nakubaliana na bustani_ya_nyuma ila sio kwa kila mche. Utando ukishafunga ncha, sabuni haipenyi vizuri ule utando. Hiyo michache bora uitoe kabisa, na kama imefika nusu ya shamba basi tafuta dawa ya utitiri yenyewe, kama abamektini, inaingia ndani ya jani hivyo inamfikia aliye chini. Lakini hiyo ni sumu kali kwa nyuki, piga jioni giza likianza, na zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimu kama zilivyoandikwa kwenye lebo. Usirudie kundi moja mfululizo maana utitiri unazoea dawa haraka sana. Salfa nayo wanaitumia, ila jua likipita nyuzi 32 inaunguza majani, na ukishapiga mafuta yoyote, mwarobaini ukiwemo, subiri wiki mbili ndo upige salfa.

Alafu ile pembe ya barabarani iangalie vizuri. Vumbi likitua kwenye majani linawasumbua wale wanaomla utitiri, na mche wenye kiu unaumia zaidi, kwa hiyo mwagilia vizuri. Kuna mnavu umeota huko? Mnavu ni ndugu wa nyanya, utitiri unakaa humo unasubiri.

mche_wa_tatu
Asanteni sana wakuu, kweli mmenisaidia. Lebo nimeisoma, inaishia na "thrin" kama ulivyosema fundi. Na mnavu upo, umejaa pembezoni mwa barabara, nimegeuza majani yake nikakuta wekundu wanatembea, yaani miezi yote napita pale siangalii. Nimeung'oa wote nikaufunga kwenye mfuko. Miche 9 yenye utando nimeitoa, iliyobaki nimeisafisha kwa maji leo asubuhi na ile miwili ya majaribio nimeipuliza sabuni sasa hivi. Kesho nitageuza majani nije niwaambie.

mche_wa_tatu
Wakuu narudi, leo nimemaliza mzunguko wa tatu. Karatasi nimegonga kwenye miche 20, wameonekana kwenye miwili tu. Yale majani ya shaba hayajarudi kijani ila ya juu yanatoka safi, na kishada cha tatu kimeshika. Swali moja limebaki, mche ukishapona niendelee kugonga karatasi kila baada ya siku ngapi?

fundi_majani
Mara mbili kwa wiki wakati wa joto mkuu, na anzia upande wa barabara.