Mrejesho: kizunguzungu cha mama akigeuka kitandani
Asanteni sana ndugu zangu. Niliuliza kuhusu mama, anayeona nyumba ikizunguka kila akigeukia kulia kitandani. Tulifuata zoezi la Epley, yaani kugeuza kichwa na mwili kwa hatua ili chembe ndogo za chokaa zilizohama ndani ya sikio na kuleta kizunguzungu zirudi mahali pake: ameketi, kichwa nyuzi 45 kulia, analazwa chali haraka, mto chini ya mabega, kichwa kikining'inia kidogo, kichwa nyuzi 90 kushoto, kisha alalie ubavu wa kushoto, uso ukitazama sakafu, aketi taratibu. Kila mkao sekunde 60.

Siku ya kwanza tuliweka mto chini ya kichwa, basi zile chembe za chokaa sikioni hazikuteremka. Siku ya tatu kizunguzungu kilikoma. Bado anayumba kidogo akishuka matatu, na mlio wa sikio haukupungua. Huo tumepangiwa kipimo cha usikivu.