Uani kwa bibi, Ngamiani: nina vigae vya zamani, mawe na mlango mbovu. Nianzie wapi?

Mjukuu wa Ngamiani

Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni ushauri, na mniwie radhi nikieleza kwa urefu, nataka anayejibu aione hali yenyewe.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka juzi, akatuachia nyumba yake hapa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani kwa nyuma. Ndani tumeshatengeneza kadiri ya uwezo wetu. Uani ndiko kunakoniumiza kichwa. Kuna mita 9 kwa 12, ukuta umezunguka, na upande wa mawe ya matumbawe kipande kilianguka masika iliyopita. Mawe yake yako palepale, lundo.

Nyuma ya choo kuna vigae vyekundu vya udongo, nimehesabu 600 na kidogo. Babu alikuwa kibarua bandarini, akavinunua walipobomoa ghala moja, akawa anavileta kwa mkokoteni siku hadi siku. Alitaka kuezekea banda la uani, akafa kabla. Nilipofuta tope mgongoni mwa kimoja nikasoma "Basel Mission Tile Works 1865". Kuna pia mlango wa mbao nzito uliopakwa rangi juu ya rangi, matairi manne, chupa tele, kinu kilichopasuka, na mabati manane ya kijivu ya saruji, yale ya mawimbi, yaliyotoka kwenye jiko la zamani.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitazama dakika tano, akasema kila kitu kipakiwe kwenye lori kikatupwe, tumwage zege, juu tulaze pevingi. Wajomba wamekubaliana naye. Mimi roho inakataa. Kuna kilua cha bibi kimepanda nguzo ya kamba ya nguo, na asumini pembeni mwa bafu. Jioni ukiacha mlango wa nyuma wazi, harufu inapita ukumbini inafika mpaka barazani. Nataka njia, kibustani cha mboga, na pa kukaa. Nina akiba ya laki nane. Kwa kuanzia nilifikiria kuyaponda yale mabati ya saruji yawe kokoto chini ya njia.

Mnyanjani

Dada yangu, simamisha hilo wazo leo hii. Mabati ya saruji ya miaka ile mengi yana asbesto ndani yake. Yakiwa mazima hayana neno kubwa. Ukiyaponda, ukiyakata kwa msumeno au ukifagia vumbi lake, nyuzi zake zinapanda hewani na mtu anazivuta. Maradhi yake ya mapafu hayaji kesho, huchukua miaka mingi, ndiyo maana watu wanayadharau. Usiwaache watoto wachezee hapo. Yaloweshe maji, yasogezwe mazima bila kuburutwa, yafungwe kwenye nailoni nzito, kisha uende kwa afisa mazingira wa halmashauri au NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira, wakuelekeze pa kuyapeleka. Usikubali mtu akwambie atayachukua bure akaezekee banda la kuku.

Fundi wa Chumbageni

Aliyetangulia amesema kweli tupu. Sasa mimi nizungumzie maji, maana hapo ndipo nyua nyingi za Ngamiani zinapoharibikia.

Usilaze hata kigae kimoja kabla hujajua maji ya mvua yanakwenda wapi. Nyumba za zamani uani wake ulikuwa na mteremko na mfereji wa kutoa maji nje. Miaka inapita, watu wanatupa kifusi, wanafagilia mchanga, ardhi inapanda, mfereji unazikwa. Matokeo yake maji yanarudi kwenye msingi. Nikuulize: chumba cha nyuma ukuta wake unamomonyoka chini, kama mita moja kutoka sakafuni? Kama ndiyo, zege la huyo fundi lingekumalizia nyumba, kwa sababu ardhi haitakunywa tena hata tone.

Fanya hivi. Chukua mpira wa maji unaoonyesha, ule wa mafundi, uujaze maji, maana maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja, upime kutoka ukuta wa nyumba kwenda nyuma. Unataka ardhi ishuke walau sentimita 2 kwa kila mita. Huna mpira? Subiri mvua ya kwanza, kaa kwenye mlango wa nyuma na mwavuli, uangalie kwa macho. Mimi nimejifunza kazi hii kwa kukaa na kuangalia maji.

Vigae: usivilaze chali kama sakafu. Ni vyembamba, vina matuta, utavikanyaga vitapasuka vyote ndani ya mwezi. Visimamishe kwa ubavu, kimoja kimebanana na mwenzake kama vitabu kwenye rafu. Chimba sentimita 35, shindilia kokoto sentimita 8, mchanga sentimita 3, kisha pigilia vigae. Ukikadiria sentimita 3 kwa kila kigae, na njia ya upana wa sentimita 60 inakula kigae kimoja na nusu kwa mstari, hivyo 600 vinakupa mita 12. Inatoka mlangoni mpaka nyuma kabisa.

Mzee wa Shangani

Salaam kutoka Unguja. Fundi kasema vizuri kuhusu maji, lakini kwenye vigae naomba tusikilizane. Mwanangu, usizike vigae vizima ardhini. Hivyo vilitoka pwani ya Malabari, India. Huo mwaka 1865 ni wa kuanzishwa kiwanda chao cha Mangalore, si mwaka wa kufinyangwa kigae chako, usije ukamwambia mtu kina umri huo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walivitwaa viwanda vile vikapewa kampuni nyingine, kwa hiyo chenye jina la Basel kwa kawaida ni cha kabla ya hapo. Ni mali.

Kaa navyo asubuhi moja. Kiinue kimoja kwa vidole viwili, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa, hata usiouona, kinatoa sauti ya kufa. Vinavyolia weka upande huu, viezeke banda kama alivyokusudia babu yako. Vilivyokufa ndivyo vya njia.

Na ukuta: usiujenge kwa saruji. Jiwe la matumbawe linapumua, linavuta unyevu na kuutoa. Ukilifunika kwa saruji, unyevu na chumvi vinabaki ndani, plasta inavimba na kubanduka vipande vikubwa. Hapa Mji Mkongwe tumeyaona hayo kwenye nyumba nyingi. Nunua chokaa iliyozimwa, iloweke kwenye pipa, maji yaifunike, wiki tatu nne. Changanya moja kwa tatu na mchanga wa mto, si wa baharini kwa ajili ya chumvi. Ukishajenga funika kwa magunia mabichi, uyaloweshe kila siku wiki nzima. Chokaa ikikauka haraka kwa jua inageuka unga. Na vaeni miwani, inaunguza macho.

Mjukuu wa Ngamiani

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Fundi, umejuaje habari ya ukuta? Ni chumba alichokuwa akilala bibi, rangi inabanduka chini kila mwaka na kila mwaka tunapaka upya.

Mabati yamefungwa jana, nimeambiwa nisubiri maelekezo. Naomba msaada kwenye mboga. Nilijaribu mchicha mwaka jana kando ya lundo la mawe, ukatoka majani ya njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Jirani akaniambia niongeze majivu, nikaongeza, ukazidi.

Mama Bustani Pongwe

Majivu ndiyo yaliyouua, mdogo wangu. Udongo wako umejaa vumbi la matumbawe na chokaa ya ukuta ulioanguka, na hiyo inazuia mmea kuvuta madini ya chuma. Njano yenye mishipa ya kijani ni dalili yake hasa. Majivu nayo ni ya tabia ileile ya chokaa. Kwenye udongo mwekundu wa Lushoto yangekusaidia, hapo kwako hapana.

Usihangaike kuubadilisha udongo wote. Jenga matuta ya kuinuka, sentimita 30, kingo zake uweke mawe yaleyale ya ukuta bila kuyajengea, ndani ujaze udongo wa kununua, samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa na mboji. Safisha mawe kwa brashi kwanza. Mchicha, matembele na bamia vitakubali. Kule ambako udongo ni wa kifusi kabisa panda vinavyovumilia: mkomamanga, mzunze, mwarobaini ukiwa mbali na msingi. Asumini usiiguse, mtu aliyeipanda pembeni mwa bafu alijua inapata maji yake.

Kisauni

Hujambo dadangu, mimi niko Mombasa. Hayo matairi wengi watakwambia uyapake rangi upandie maua. Yakikaa wima au chali bila kutobolewa yanashika maji, na mbu wa dengi anapenda maji ya tairi kuliko kitu chochote. Mayai yake yanaweza kukaa makavu miezi, mvua ikija yanaanguliwa. Dar mmeugua dengi 2014 na 2019, nasi huku tumeionja. Ukiyataka, kata ubavu wote wa chini na ujaze udongo mpaka juu. Mimi ningeyatoa tu. Chupa pia, ukizizika kuwa kingo, zizike kichwa chini.

Msafiri wa Korogwe

Kwa nguzo za banda nenda kwa wauza chuma chakavu, utapata vipande vya reli na mataruma ya chuma ya Mjerumani, yale yanayolazwa chini ya reli. Njia ya reli ya Tanga walianza kuijenga 1893, mpaka leo vyuma vyake viko imara.

Fundi wa Chumbageni

Mkuu, nakuomba tusimwingize dada kwenye matatizo. Chuma cha reli ni mali ya umma. Ukikutwa nacho uani utaulizwa risiti ya aliyekiuzia, naye hana. Achukue mbao za mninga za milango na madirisha ya nyumba zinazobomolewa, aandikiane na mwenye nyumba. Nguzo ya mbao iinuliwe juu ya jiwe, isizikwe, maana mchwa wa Ngamiani wanaujua udongo wao.

Mzee wa Shangani, kwenye vigae umenirekebisha. Nakubali.

Mjukuu wa Ngamiani

Wanajukwaa, leo ni Juni, masika imepita, nimerudi.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa kuamkia Jumapili katikati ya Machi. Nilikaa mlangoni na tochi. Maji yote, nasema yote, yalikuja kwetu, yakasimama kwenye ukuta wa chumba cha bibi kama yanaomba kufunguliwa. Asubuhi nikaita vijana wawili tukaanza kuondoa lundo la mawe kutoka ukutani kwa nyuma. Tulipofika chini, koleo likagonga kitu kikatoa mlio mwingine. Tukafuata kwa mikono. Ni mfereji, upana kama shubiri mbili, umejengwa kwa vipande vya matumbawe na kupakwa chokaa ndani, laini mpaka leo. Unatoka karibu na bafu, unapita nyuma ya choo, unatokea chini ya ukuta kwenda kichochoroni. Tundu lake la kutokea lilizibwa na kifusi na mizizi. Tuliuzibua siku mbili. Mama yangu alipouona alikaa kimya, halafu akasema alikuwa akifagia hapo akiwa mtoto, alikuwa amesahau kabisa.

Tumeshusha ardhi sentimita 20 upande wa nyuma ili maji yaelekee kwenye mfereji. Mvua kubwa za Aprili na Mei zimepita, ukuta wa chumba haujalowa.

Vigae nilivigonga kimoja kimoja kama mzee alivyoelekeza. Vizima 410. Vingine ndiyo njia, imefika mita 4 tu, mlangoni mpaka kwenye kilua, mbele yake nimemalizia kwa mawe. Banda bado, natafuta mbao. Ukuta tumeujenga kwa chokaa, fundi alilalamika inachelewa kukauka, nikamwonyesha maneno ya mzee hapa akaendelea. Matuta mawili yana matembele na bamia. Kinu kilichopasuka nimekipandia mrihani. Nimetumia laki sita na elfu arobaini.

Mjomba aliyetaka pevingi anakaa kule nyuma kila Ijumaa baada ya swala.

Limebaki swali la mlango. Naweza kuupiga msasa nirudishe mbao?

Mnyanjani

Hongera sana dada. Msasa mkavu hapana. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, vumbi lake ni sumu kwa watoto hasa. Usiichome kwa moto pia. Tandika nailoni chini, iloweshe rangi, ukwangue ikiwa mbichi, mabaki yote uyafunge na uyahifadhi uyapeleke pamoja na yale mabati. Fanya kazi hiyo mbali na matuta ya mboga, na watoto wawe kwa jirani siku hiyo.

Mzee wa Shangani

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu bibi na babu. Huo mfereji upake chokaa nyembamba kabla ya vuli, mara mbili, ya kwanza ikikauka ndipo ya pili. Na kila baada ya mvua uchungulie lile tundu la kichochoroni.