Skuta mpya, helmeti gani?

Habari zenu wakuu. Nimenunua skuta ya 125cc ya kunitoa Kasarani hadi mjini. Leseni ya mwanafunzi ninayo, ila mpaka sasa nimezunguka tu uwanja wa kanisa jioni. Thika Road bado naiogopa, hasa matatu zikichomoka stejini bila indiketa.

Helmeti niliyopewa na muuzaji inacheza kichwani. Nikigeuka, yenyewe inabaki ikitazama mbele. Kirinyaga Road nimeonyeshwa nyingine yenye lebo ya ECE 22.06 (kiwango cha usalama cha helmeti) kwenye mkanda wa kidevu, lakini lebo hata fundi cherehani anaweza kushona. Nyinyi mnaitambuaje halisi? Halafu pesa haitoshi vyote: baada ya helmeti, nianze na jaketi lenye pedi au glavu na buti? Za mitumba Gikomba zinafaa?