Kupanda miti ukingoni mwa kaya: wazee wameikataa miche

Kijana_Kaloleni: Habari zenu. Kikundi chetu kinataka kupanda miti pale mashamba yalipoumega msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Tumepewa miche ya mwarobaini na mvinje bure, wazee wa kaya hawaitaki. Tuwaeleweshe vipi? Masika imekaribia.

Kitalu_Pwani: Wazee wamesema kweli, ndugu. Mwarobaini asili yake Asia. Ndege na popo hula matunda yake, mbegu wanaziangusha msituni, na kisiki kikikatwa huchipua tena. Unaouona ndani, ng'oa ungali mdogo, mzizi wote.

Ukingoni pandeni mbambakofi. Okoteni mbegu nje ya kaya: nyeusi, zenye kofia nyekundu. Bandua kofia, kwaruza ganda upande wa pili mpaka weupe uonekane, loweka usiku kucha. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mzizi mkuu hushuka upesi mno, na kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) kifupi huupinda. Mche unapendeza kitaluni, kiangazi cha kwanza unakauka. Tumieni viriba virefu, au pandeni mbegu moja kwa moja shimoni mvua zikishika. Mvule nao unafaa, ila uchanganyeni na miti mingine. Ukiwa peke yake juani, wadudu hujaza vinundu kwenye machipukizi.

Mpaka_wa_Kaya: Kabla ya jembe, nendeni kwa wazee wawaonyeshe mpaka, muweke vigingi. Ndani hakuchimbwi. Kuna makaburi, na katikati ndipo fingo, kinga ya kaya, lilipozikwa; shimo moja ovyo limefukua kaburi la mtu. Piteni njia zile zile za zamani, na kuni msiokote hata zilizokauka. Kule Kaya Kinondo mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na ni haki.

Kaya nyingi zimetangazwa turathi za taifa, za kwanza mwaka 1992, na baadhi ni Urithi wa Dunia tangu 2008. Kwa hiyo mpaka ukiwa na mzozo, waiteni pia maofisa wa Makumbusho ya Taifa. Huko ndani kazi yenu ni kuzuia mbuzi na moto. Mbegu zimo udongoni, msitu utajirudisha wenyewe.

Kijana_Kaloleni: Nimeelewa. Na mivinje tuliyopewa?

Kitalu_Pwani: Pandeni mashambani, mbali na kaya, mita 2 kwa 2. Watu wakipata nguzo na kuni kwao, hawataingia msituni na shoka. Mwarobaini rudisheni.