Wifi ya mtaa: bili ya kila mwezi mnachangishaje?

Wadau habari zenu. Huku mtaani Nairobi tuko vijana saba tunaendesha wifi ya jamii kwa kujitolea, antena iko juu ya paa la shule, hakuna mtu analipwa. Mwaka jana tulifanya harambee tukanunua rauta na nyaya, sawa, lakini bili ya intaneti inarudi kila mwezi na watu washachoka kuombwa. Juzi betri ilikufa saa mbili usiku, watoto walikuwa wamekaa pale ukutani wanafanya homuweki, wakabaki gizani na simu mkononi. Iliniuma sana. Nyie mnafanyaje?

>> Pole kaka. Harambee iachieni vifaa tu, bili iwe mchango wa mwezi wa hiari kama NYC Mesh, mtandao wa jamii kule New York, nao ni watu wa kujitolea. Na kila shilingi iandikwe, karatasi ibandikwe hapo hapo shuleni, watu wakiona hesabu wanatoa.

>> Kule Mankosi, Afrika Kusini, ushirika wa intaneti ya jamii wa Zenzeleni ulikuwa na vituo vya sola, wakawa wanachajia watu simu kwa ada ndogo, hela ikaingia. Kwenu umeme unapotea, sindio? Jaribuni hiyo. Halafu leseni mnayo? Mamlaka ya Mawasiliano ina ya mitandao ya jamii kabisa, mfadhili ataiuliza kwanza.

>> Leseni bado, kesho naanza kuifuatilia. Ya kuchaji simu nimeipenda, jumapili naipeleka kikaoni, ila betri kwanza jamani.